Kichwa Kiko Chini ya Mbavu

Mkunga alikuwa akizungumza na mwenzake habari za zamu ya usiku, mikono yake ikiwa tumboni kwangu, na nilijua kuna neno pale alipokatiza mazungumzo katikati. Mikono yenyewe haikusimama. Ilipanda tena juu, chini ya mbavu, ikapapasa upya, safari hii polepole, huku macho yake yakitazama ukuta kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba bila kuchungulia.

"Mama, hapa juu huwa hapakubani?"

Nikamjibu kwamba panabana sana, wiki ya pili hiyo, na nikiinama kuvaa viatu naona kama kuna mpira mgumu umekwama chini ya chembe ya moyo. Akaushika ule mpira kwa vidole vya mkono mmoja, akausukuma kidogo kushoto. Ukaenda, ukarudi wenyewe mahali pake. Mwili uliobaki wa mtoto haukutikisika.

"Hicho ni kichwa," akasema. "Yangekuwa matako, yangeondoka na mwili mzima. Kichwa kina shingo."

Nilikuwa na mimba ya kwanza, wiki ya 35. Akamwita mwenzake naye aje aguse, na alipokuwa akimweleza alitumia maneno mawili ambayo nilirudi nayo nyumbani: amekaa vibaya.

Niliyatafuna maneno hayo usiku kucha. "Vibaya" ni neno ambalo ndani yake kuna mtu wa kulaumiwa. Mtoto akikaa vibaya mbele ya wageni, anayetazamwa ni mama yake. Na kweli, siku zile kila niliyemwambia aliniuliza nimefanya nini: nalalia upande gani, nimebeba nini kizito, mbona nakaa sana kwenye kiti. Lakini kesho yake, kwenye altrasaundi, yule mtoto hakuwa na dalili yoyote ya mtu aliyekosea. Alikuwa ameketi kitako ndani ya nyonga zangu kama mwenye nyumba barazani kwake, miguu yote miwili imenyooka kwenda juu, nyayo karibu na masikio. Moyo wake ulikuwa ukidunda vizuri tu. Kama kuna aliyekaa vibaya chumbani mle, ni mimi niliyekuwa nimejikunja ukingoni mwa kitanda.

Wakunga wakizungumza kikazi wana maneno ya haki zaidi kuliko hayo. Wanajiuliza mambo manne. La kwanza ni mlalo: uti wa mgongo wa mtoto umefuata wa mama, au amekingama, au amelala mshazari? La pili, ni kiungo gani kilichotangulia kwenye mlango wa kutokea, kichwa, matako au bega? La tatu, kile kilichotangulia kinatazama wapi? Na la nne, amejikunja kiasi gani: kidevu kimegusa kifua au ameinua uso? Lugha yetu imejaliwa hapa. Kisogo, utosi, paji, kidevu: kila mahali pa kichwa cha mtoto ambapo mkunga anataka kupataja pana jina fupi ambalo hata mtoto wa shule ya chekechea analijua. Ukimwambia mama kwamba kisogo cha mwanawe kimeelekea mbele upande wa kushoto, ataweka mkono mahali penyewe.

Ile namna ya kupapasa nilikuja kujua baadaye kwamba ina mwenyewe. Christian Gerhard Leopold, daktari Mjerumani wa mwisho wa karne ya 19, ndiye aliyeipanga katika hatua nne ambazo wanafunzi wa ukunga hufundishwa mpaka leo. Kwanza viganja viwili juu kabisa ya kizazi: kuna nini huku, kigumu cha mviringo au laini kipana? Kisha pembeni, kiganja kimoja kikituliza na kingine kikitafuta. Upande wenye mgongo ni mrefu na imara, upande wenye mikono na miguu una vifundofundo vinavyokwepa ukivigusa. Hatua ya tatu ni mkono mmoja juu ya mfupa wa kinena, kushika kilichotangulia. Ya nne mkunga anakupa mgongo, anatazama miguu yako, na vidole vyake vinazama chini pande mbili ili kujua kichwa kimeshuka kiasi gani. Kichwa hicho wanakigawa kwa mafungu matano. Yakihesabika yote matano juu ya kinena, mtoto bado anaelea. Yakibaki mawili au chini ya hapo, ameshuka. Kwa mimba ya kwanza kushuka huko hutokea mara nyingi wiki chache kabla ya kujifungua, na kwa aliyekwisha kuzaa mtoto anaweza kungoja hadi siku ya uchungu wenyewe.

Halafu kuna sikio. Ile koni ndogo ya mbao au ya bati ambayo mkunga huiweka tumboni na kuinamia ilibuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Mbali na kuhesabu mapigo, inasema mtoto amekaaje, kwa sababu moyo husikika vizuri zaidi kupitia mgongo wake. Kwa mtoto aliyetanguliza kichwa, mapigo hupatikana chini ya kitovu cha mama. Ya kwangu yalipatikana juu. Mkunga wangu alikuwa ameshajua kabla ya kuchukua koni. Alisikiliza, nadhani, kwa heshima tu.

Nami mwenyewe ningeweza kujua, laiti ningejua kwamba kuna cha kujua. Wiki zile misukumo yote ilikuwa ikinipata chini na pembeni, na kishindo kimoja kikubwa kilikuwa kikitua kwenye kibofu nikiwa katikati ya mazungumzo na watu wa heshima. Kwa mtoto aliyegeuka kichwa chini, mateke hupanda kwenye mbavu. Hakuna aliyenieleza.

Nilichotaka kujua kwanza ni kama niko peke yangu. Siko. Karibu wiki ya 28, takriban mtoto mmoja kati ya watano huwa ametanguliza matako, na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa bado wana nafasi ya kuogelea. Maji ya uzazi hufikia wingi wake wa juu karibu wiki ya 34, kisha yanaanza kupungua huku mtoto akiongezeka. Mwishoni mwa mimba wanaobaki wameketi ni 3 au 4 kati ya 100. Waliokingama ni wachache zaidi, si hata mmoja kati ya 100, na habari yao ni nyingine kabisa: mtoto hawezi kupita akiwa amekingama, na chupa ikipasuka kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, kinaweza kuteleza na kutoka kabla yake, kikabanwa na kumkosesha hewa. Nilielezwa jambo hilo kwa sauti tofauti na yale mengine. Na hata kwa mtoto wangu aliyeketi niliagizwa: maji yakimwagika, usingoje uchungu, njoo saa hiyohiyo.

Swali la kwa nini wanageuka limesumbua watu tangu kale. Wagiriki wa enzi za Hippocrates waliamini mtoto anakaa wima miezi yote, kichwa juu, kisha anapindukia chini muhula unapokaribia. Imani hiyo iliishi karne nyingi sana. Leonardo da Vinci alipochora mtoto ndani ya kizazi, karibu mwaka 1511, alimchora ameketi, kajikunja, magoti kifuani, kichwa kikiwa juu. Ni mchoro wa kushangaza kwa upole wake, na una kosa moja linalonichekesha: kondo la nyuma alilolichora ni la ng'ombe, ambaye ndiye aliyeweza kumpasua kwa wingi. Niliutazama mchoro ule mara nyingi nikiwa na mtoto wangu wa aina hiyohiyo. Ulinifariji kuliko picha za vitabu vya kliniki, ambamo kila mtoto amening'inia kichwa chini kana kwamba hakuna namna nyingine ya kuishi.

Maelezo ya siku hizi yanategemea zaidi umbo la nyumba kuliko uzito wa kichwa, ingawa kichwa kweli ni kizito. Kizazi kina umbo la peasi lililogeuzwa, kipana juu na chembamba chini. Matako pamoja na mapaja yaliyokunjwa ni fungu kubwa kuliko kichwa, na mtoto anayerusha miguu hujikuta fungu hilo limepata raha kwenye upana. Yaani anatafuta pa kujinyoosha. Ukibadili nyumba, atabadili mkao: uvimbe kwenye ukuta wa kizazi, kizazi chenye pembe mbili, kondo lililokaa chini mlangoni, maji mengi mno au machache mno, pacha mwenzake. Mtoto anayekuja kabla ya wakati anakutwa tu hajageuka. Na wale walionyoosha miguu kama wangu, ambao ndio wengi kati ya wanaotanguliza matako, wana tatizo lao: miguu inakuwa kama banzi alilofungwa mtu aliyevunjika, mwili haujikunji vizuri, na kupinduka kunakuwa kazi.

Kwangu hawakuona uvimbe, wala kondo lililokaa chini, wala pembe. Kwa wanawake wengi haonekani mchawi.

Aliyefumbua kitu alikuwa mama mkwe. Alikuja kunitazama Jumamosi moja, akanisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, hata huyu mumeo alitoka hivyohivyo. Matako kwanza. Sikuwa nimekwambia?" Hakuwa ameniambia. Mume wangu alikuwa amekaa palepale na ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia. Nilicheka mpaka mtoto akapiga teke. Baadaye nikakuta kwamba watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa kumbukumbu za uzazi za vizazi viwili, na wakaona kwamba mzazi aliyezaliwa kwa kutanguliza matako, awe mama au baba, uwezekano wa mtoto wake wa kwanza kuja hivyo ni zaidi ya mara mbili. Awe baba! Kwa wiki mbili nilikuwa nimeulizwa nilivyolala. Hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza mume wangu alivyozaliwa.

Hata hivyo nilijaribu kila kitu, maana akili inajua na mwili hautulii. Nilipiga magoti kifua kikiwa chini na kiuno juu, robo saa asubuhi na jioni. Nililala na mito chini ya nyonga mpaka damu ikanijaa kichwani. Nilimmulikia tochi mlango wa kutokea, kama mtu anayeelekeza dereva kuegesha gari. Mume wangu aliongea naye kupitia tumbo la chini, kwa sauti ya kubembeleza ambayo mimi sijawahi kuipata. Wachina wana tiba ya kuchoma majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na kona ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 1998 lilitoa matokeo mazuri, na yaliyofuata yametofautiana. Hilo sikulifanya kwa sababu nilikuwa sifikii tena vidole vyangu vya miguu. Kuhusu magoti na mito, tafiti hazijaonyesha kwamba vinageuza watoto zaidi ya wale ambao wangegeuka wenyewe. Havidhuru. Kinachodhuru, nionavyo, ni ile hesabu ya dakika unayoandikiana na nafsi yako, na siku usipofanya unajiona umemnyima mtoto haki yake.

Njia iliyothibitika ni moja, nayo ni mikono. Daktari anamgeuza mtoto kwa nje, akiwa tumboni, kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza na 37 kwa aliyekwisha kuzaa. Hufanikiwa karibu nusu ya mara: kama 4 kati ya 10 kwa mimba ya kwanza, 6 kati ya 10 kwa wengine. Kuna wasiofaa kufanyiwa, kama aliyetokwa damu karibuni, ambaye chupa yake imeshapasuka, au ambaye atapasuliwa vyovyote vile kwa sababu nyingine. Na hufanywa mahali penye chumba cha upasuaji, kwa sababu karibu mara 1 kati ya 200 mtoto hulazimika kutolewa haraka. Nalitaja hilo kwa kuwa nimesikia watu wakiitafuta huduma hiyo kwa mtu wa kukanda mwili tu. Mikono inaweza kuwa na ujuzi wa miaka 40, lakini haina mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto wala chumba cha upasuaji mlango wa pili.

Yangu ilikuwa asubuhi, na sikuruhusiwa kula. Walinifunga mikanda miwili tumboni, wakasikiliza moyo wa mtoto kwa muda, wakanichoma sindano ya terbutalini kulegeza kizazi. Sindano hiyo inalegeza kizazi na kuukimbiza moyo wako wewe. Nilitetemeka mikono kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Daktari akamwaga mafuta tumboni. Akaingiza vidole juu ya kinena, akayainua matako kutoka kwenye nyonga, na nilihisi kitu ambacho sijawahi kuhisi kabla wala baada: mtu mwingine ananyanyuliwa ndani yangu. Mkono wa pili ukashika kichwa. Wazo ni kumbiringisha mbele, kama watoto wanavyojipindua kwenye nyasi. Alikwenda. Alifika robo, tumbo likawa na umbo la sanduku, alikingama kabisa, na kwa sekunde kadhaa niliona kichwa chake kimechomoza ubavuni kama kiwiko kikubwa. Kisha akarudi.

Walijaribu tena, upande wa pili, kwa kupindua nyuma. Inauma, na msiamini anayesema ni usumbufu kidogo, ingawa nasikia wapo wasiosikia kitu. Mara ya tatu mapigo ya mtoto yalishuka, wakaacha papo hapo, yakapanda tena ndani ya dakika moja. Daktari akafuta mafuta mikononi. "Hataki," akasema. Nililipenda neno hilo kuliko "vibaya".

Zilibaki njia mbili, kupasuliwa au kumzaa hivyohivyo alivyokaa, na hapo ndipo niliposoma hadi macho yakauma. Wanawake wamezaa watoto waliotanguliza matako tangu kuwe na wanawake. Warumi walikuwa na jina la mtoto aliyetoka miguu kwanza, Agrippa. Mwishoni mwa karne ya 17 alikuwepo mkunga Mjerumani, Justine Siegemund, aliyekuwa akiitwa kwa uzazi uliokwama na aliyechapisha mafunzo yake mwaka 1690, yakiwa na michoro ya namna ya kumgeuza mtoto kwa mikono miwili. Kilichomwingiza kwenye kazi hiyo ni kisa kibaya. Akiwa na miaka 20 wakunga walimshikilia kwamba yuko kwenye uchungu na mtoto amekwama, kumbe hakuwa na mimba kabisa. Akaapa kujifunza tumbo lina nini.

Hofu ya mtoto wa matako ni rahisi kueleza. Kwa kawaida kichwa, ambacho ndicho kipana na kigumu, kinatangulia, kinafungua njia kwa masaa, mifupa yake ikilaliana, na kikipita mwili unafuata kama utepe. Kwa aliyeketi, kichwa kinakuja mwisho, njia haijapimwa, na kiungamwana kimeshabanwa. Mwaka 2000 jaribio kubwa lililoongozwa na Mary Hannah wa Canada, lenye wanawake 2,088 katika nchi 26, lilionyesha kwamba watoto waliokufa au kuumia vibaya walikuwa asilimia 1.6 kwa waliopangiwa upasuaji na 5 kwa waliopangiwa njia ya kawaida. Dunia ya uzazi iligeuka kwa kasi ambayo matokeo ya utafiti hayaipati mara nyingi. Miaka minne baadaye waliwafuatilia sehemu ya watoto hao wakiwa na umri wa miaka 2, na tofauti ya vifo na ya kuchelewa kukua haikuonekana. Mwaka 2006 uchunguzi wa Ufaransa na Ubelgiji ukasema kwamba palipo na uchaguzi makini wa akina mama na wahudumu wenye mazoea, njia ya kawaida si ya hatari kiasi kile. Lakini mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa yameanza kupotea. Ukiwatoa kwa upasuaji watoto wote waliotanguliza matako kwa miaka 10, unapata kizazi cha madaktari ambao hawajawahi kumpokea hata mmoja.

Nilimuuliza daktari wangu swali moja tu: wewe umewapokea wangapi? Alinijibu kwa ukweli, na namheshimu kwa hilo. Tulipanga upasuaji wiki ya 39.

Sina malalamiko juu ya upasuaji. Kulikuwa na ganzi ya mgongoni, pazia la kijani, na kitu kama mtu anayeosha vyombo ndani ya tumbo langu. Kisha daktari akasema, "Anakuja alivyokaa," na kilichoinuliwa juu ya pazia kwanza kilikuwa matako madogo, mekundu. Alipolazwa kifuani kwangu miguu ilirudi yenyewe juu, nyayo kwenye paji la uso. Hivyo ndivyo alivyolala kwa siku kadhaa. Ukimnyoosha anakuvumilia, ukimwachia anakunjika kama kisu cha mfukoni. Kumfunga nepi ilikuwa rahisi kuliko kwa mtoto yeyote.

Nyonga zake zilipimwa kwa altrasaundi alipofika wiki 6, kwa sababu watoto walioketi tumboni wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kiungo cha nyonga kutokaa sawasawa kwenye tundu lake, hata kama walizaliwa kwa upasuaji. Zake zilikuwa nzima. Lisisitize jambo hilo kliniki hata kama hawakulitaja, kwani likigundulika mapema hutibiwa kwa mkanda laini, na likichelewa linaweza kufika kwenye kisu.

Mimba ya pili ilipofika wiki ya 36, mkunga (mwingine, na mikono baridi zaidi) aligusa juu, akagusa chini, akasema kichwa kiko chini. Nilivuta pumzi iliyokuwa imekaa kifuani miaka mitatu. Nilikuwa najiandaa kujifungua kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji, na nikadhani habari ya mkao imekwisha.

"Ila kisogo kiko nyuma," akaongeza. "Kulia."

Kumbe kutanguliza kichwa ni nusu ya habari. Mtoto anayepita kwa urahisi huwa ameelekeza mgongo wake kwenye tumbo la mama, kisogo mbele, kidevu kifuani. Huyu wangu alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye mgongo wangu, anatazama nje kama abiria dirishani. Ndiyo sababu karibu na kitovu palikuwa na kishimo, na vidole vilikuwa vikinichokonoa mbele usiku kucha. Kwa kuwa ameegemea nyuma, mtoto wa namna hii huona vigumu kuinamisha kichwa, na hapo ndipo sentimita zinapoanza kuwa na maana. Kichwa kilichoinamishwa vizuri kinapita kwa kipimo cha sentimita 9.5 hivi. Akiwa amekiweka sawa kama askari kwenye gwaride, ni 11.5. Akikiinua kidogo hadi paji litangulie, ni 13.5, na hapo kwa kawaida hapiti mtoto aliyetimia. Cha ajabu, akikiinua kabisa, uso wenyewe ukatangulia, kipimo kinarudi 9.5, na anaweza kuzaliwa iwapo kidevu kimeelekea mbele. Kikielekea nyuma, hapana. Ni kichwa kilekile, hakikukua wala kupungua. Kimeinama tu au kimeinuka.

Ushauri ulirudi: tambaa, deki sakafu kwa magoti, usiegemee kiti. Safari hii nilikuwa mjanja. Utafiti wa Australia wa mwaka 2004 uliwachukua wanawake zaidi ya 2,500, nusu yao wakapiga magoti na mikono dakika 10 mara mbili kwa siku wiki za mwisho, na wakati wa kuzaa haikuonekana tofauti ya mikao. Nilipiga magoti hata hivyo, pale tu mgongo uliponiuma, kwa sababu ulikuwa ukipoa. Sakafu nilimwachia mume wangu, aliyetanguliza matako duniani na mwenye deni.

Mkunga naye alinituliza kwa hesabu. Watoto wanaoanza uchungu kisogo kikiwa nyuma ni wengi, mmoja kati ya watano au sita hivi; wanaozaliwa bado wakitazama juu ni kama 5 kati ya 100. Wengine wote wanazunguka humo humo safarini, kwa sababu njia yenyewe inawazungusha. Mlango wa juu wa nyonga ni mpana zaidi kutoka ubavu hadi ubavu, wa chini ni mpana zaidi kutoka mbele kwenda nyuma. Kichwa kinaingia kwa ubavu na kinatakiwa kitoke kwa wima. Wakunga lazima walilijua hilo kwa vidole vyao zamani sana, ingawa kwenye maandishi ya madaktari lilianza kuelezwa vizuri karne ya 18. Kadiri kichwa kinavyosukumwa chini kikakutana na misuli ya sakafu ya nyonga, kile kilichotangulia kinateleza kuelekea mbele, chini ya mfupa wa kinena, ambako ndiko kwenye uwazi. Mwenye kisogo mbele anazunguka kidogo. Wangu alikuwa na karibu nusu duara ya kutembea.

Alitembea usiku mzima. Uchungu wa mtoto aliyeegemea nyuma unakaa kiunoni na hauondoki kati ya wimbi na wimbi. Nilisukuma ukuta kwa viganja, mume wangu akisukuma kiuno changu kwa ngumi mbili, na sote tulikuwa tukimsukuma mtu mmoja pande tofauti. Karibu na alfajiri maumivu yalihama. Sina namna nyingine ya kulieleza: yalitoka mgongoni, yakapita ubavuni kulia, yakaja mbele, kama mtu aliyehamisha kabati chumbani. Mkunga alipopima kwa vidole, akatafuta mishono ya fuvu, akatabasamu akitazama ukuta. Wote wanatazama ukuta.

"Kisogo kimekuja mbele, mama."

Alizaliwa kifudifudi, uso kwenye kitanda, kichwa kwanza na mwili bado ndani. Kwa muda huo mfupi ambao hakuna anayefanya kitu, nilitazama chini. Kichwa, bila kuguswa na mtu, kilizunguka chenyewe polepole kulifuata bega lililokuwa bado limo ndani, mpaka uso ukaelekea paja langu la kushoto. Macho yalikuwa yamefumbwa. Akakaa hivyo, akingoja mabega.